Sista Akiketi Kitandani

Mara ya kwanza kumwona Sista ameketi kwenye kitanda cha mgonjwa, nilidhani ameshikwa na kizunguzungu. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mgeni wodini, na kitu cha kwanza tulichofundishwa, kabla hata ya kupima joto, ni kwamba muuguzi haketi kitandani kwa mgonjwa. Sista, msimamizi wa wodi, ndiye aliyekuwa akituchapa kwa maneno kwa kosa hilo. Mwenzangu mmoja aliegemea tu ukingo wa godoro, akaambiwa mbele ya wodi nzima kwamba kama amechoka arudi kwao akachume majani chai. Na sasa huyu hapa, sare imepigwa pasi hadi inakata, amevuta pazia la magurudumu, ameketi kabisa, miguu inaning'inia kwa sababu alikuwa mfupi, na mkono wa mgonjwa uko mapajani mwake. Niliweka trei ya dawa sakafuni nikakimbilia maji. Muuguzi aliyenitangulia akanishika mkono mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Sista anaumwa."

"Sista haumwi. Anamwambia."

"Anamwambia nini?"

Nyuma ya pazia sauti ya Sista ilikuwa ya chini, inaongea Kiembu polepole, kisha mgonjwa akakohoa na kuuliza kitu. Jioni ndipo nilipoelezwa. Alikuwa amemwambia yule mzee kwamba ana saratani ya koo, kwamba haitapona, na kama kuna mtu anayetaka kumwona amwite sasa. Amemwambia yeye mwenyewe. Si kaka yake, si mtoto wake wa kwanza. Nilishtuka; na ile trei nilikuwa nimeisahau pale sakafuni, na kwa hilo pia nikapewa yangu.

Mtu wa kwingine huenda asione cha kushtua hapo. Kwetu, kuanzia Meru hadi Embu, habari ya ugonjwa mbaya haipewi mgonjwa. Inapewa wanaume wa nyumbani, koridoni, nao wanakubaliana mgonjwa ataambiwa nini. Mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo. Sijui ni watu wangapi wa milima hii wamezikwa na vidonda vya tumbo ambavyo hawakuwahi kuwa navyo. Madaktari wa hospitali yetu ya chuo kikuu, pamoja na vyeti vyao vyote ukutani, walifuata desturi hiyo, na sisi tulifuata madaktari. Kumwambia mtu usoni kwamba anakufa kulionekana kama kumlaani.

Sista hakutaka kusikia hayo. "Ugonjwa ni wake," alikuwa akisema. "Mimi si redio ya ukoo."

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, kisha nikawa mwalimu wa wauguzi katika chuo hicho hicho, na nilidhani namjua. Lakini hujui kiasi cha ujinga wako hadi uanze kuwauliza wengine. Chuo kilipoamua kwamba madaktari na wauguzi wa zamani warekodiwe sauti zao kabla hawajatutoka, kazi hiyo nilipewa mimi, nadhani kwa sababu napenda kusikiliza umbea na hili linajulikana. Nikaenda na simu yangu nyumba kwa nyumba. Ningeuliza juu ya vifaa vya zamani, mtu ataje Sista. Ningeuliza juu ya siku za mgomo, Sista. Na karibu kila mmoja aliniambia jambo lililoniacha mdomo wazi.

Wa kwanza alikuwa daktari wa upasuaji, mstaafu, anayeishi Meru mjini na mbwa wawili wanaobweka hata kwenye rekodi. Nilitarajia asifu. Wakubwa wakistaafu husifiana.

"Nilimchukia yule mama," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikasogeza simu karibu.

"Rekodi tu, si nimesema? Nilimchukia. Mimi nikishaongea na familia, tumepanga vizuri, naingia wodini napata mgonjwa ananiangalia na macho ya mtu anajua. Ananiuliza, daktari, ni kweli ile Sista amesema? Sasa mimi niseme nini? Nilienda kwa mkubwa wa hospitali nikamwambia achague, mimi au huyo."

"Akachagua nani?"

"Akaniambia nipunguze hasira. Tukanuniana na Sista miaka, tunaongea kupitia wanafunzi. Mwambie daktari hivi, mwambie Sista vile. Na tumesimama meza moja." Akawafokea mbwa wanyamaze, wasinyamaze. "Halafu mama yangu akaugua. Unajua nilimlaza wapi? Kulikuwa na wodi ya watu wenye pesa zao, kitanda kilikuwa tayari. Mimi nikampeleka kwa huyo adui yangu."

"Kwa nini, Daktari?"

"Kwa sababu mtu alikuwa lazima amwambie mama, na mimi singeweza."

Mtu aliyekata watu matumbo maisha yake yote, ameketi mbele yangu ananiambia kwamba aliogopa kumwambia mama yake maneno machache. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kabisa, na mbwa wake mmoja nusura anirarue sketi.

Wale waliomkosea heshima Sista walikuwa na bahati mbaya. Nakumbuka wazee waliokuja kutoka upande wa Maua, wamevaa makoti mchana wa jua, mbele yao chifu mstaafu ndiye msemaji. Ndugu yao alikuwa kitanda cha dirishani. Yule chifu alizunguka sana. Alisalimia, akashukuru, akasifu usafi wa sakafu, akasema habari za mvua, kisha akafika: wamekaa kama familia, wameona ndugu yao asiambiwe, moyo wake ni mwepesi, ataambiwa ni vidonda vya tumbo.

"Mmemaliza?" Sista akauliza.

"Tumemaliza, Sista."

"Anajua tangu jana. Ndiye aliniomba nyinyi msiambiwe. Alisema mko na roho nyepesi."

Yule chifu alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti, na kwa bahati kilikuwepo. Sisi wanafunzi tulikimbilia stoo ya mashuka tukacheka hadi tukashika ukuta. Lakini hata katikati ya kicheko nilikuwa na baridi mwilini, kwa sababu niliona wanaume wazima watano au sita wakitazamana, hakuna anayejua aingie kumwona ndugu yao na uso gani.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mkali bila sababu, na mwenye mapendeleo ya wazi. Alikuwa na saa ya kubandika kifuani iliyokwenda mbele, akikataa kuirekebisha, kwa hivyo wodi nzima ilihesabiwa imechelewa kila siku aliyofanya kazi. Aliogopa paka kiasi cha kupanda juu ya kiti. Katika kwaya ya kanisa lake walimsimamisha nyuma kabisa, na bado alisikika peke yake. Mimi alinitania kwa sababu ya kwetu. "Nyinyi watu wa Meru mkisalimiana," alikuwa akisema, "mtu anadhani mnagombania shamba." Nikimjibu kwamba watu wa Embu husalimiana kana kwamba wanaomba radhi, angefurahi siku nzima.

Na alidanganya! Hili ndilo sikuwahi kulimaliza kichwani. Mtu aliyesimama kidete kwa ajili ya ukweli alikuwa mwongo wa kila siku. Alidanganya umri wake hadharani, wasimamizi wa kanisa wakiwepo. Aliwaambia wageni saa ya kuona wagonjwa imekwisha wakati ndiyo kwanza imeanza, kwa vile tu walikuwa na kelele. Aliambiwa na mama mmoja amtazame mtoto wake mchanga, mtoto wa watu ameumbwa vibaya usoni maskini, na Sista akasema hajaona uzuri kama huo tangu azaliwe, bila kupepesa. Nilimuuliza siku moja mbona hivyo.

"Huyo mtoto ataishi," alinijibu. "Anayeishi unaweza kumdanganya, atagundua baadaye. Mwenye anakufa hana baadaye."

Muuguzi mwenzake wa zamani, mama mnene mcheshi anayeuza nguo Meru, alinipa habari ya mwanamke wa Timau. Huyo alikuwa mfanyakazi wa shamba la maua, mjane, ana mabinti wadogo. Sista akaketi kitandani kwake, akamwambia. Mwanamke hakulia. Aliomba ruhusa, akaenda Timau kwa miguu yake mwenyewe akiwa bado na nguvu, akawachukua mabinti wake kutoka boma la mashemeji na kuwapeleka kwa dada yake. Alikuwa na sababu zake kuhusu shemeji mmoja, na Sista alizijua, na yule mama mnene hakutaka kuzisema kwenye rekodi. Mashemeji wakaja hospitalini na fimbo.

"Sista akasimama mlangoni," akaniambia. "Mfupi vile, unamjua. Watu wanataka kumpiga. Akaangalia viatu vyao akawauliza, hiyo matope ya Timau mnaleta kwa wodi yangu ndio muonyeshe nani? Pangusa! Na wakapangusa, Kendi! Mtu amekuja na fimbo anapangusa viatu kwa nyasi. Akimaliza kupangusa hasira imeisha, anaona haya."

Yule mwanamke alirudi mara moja kabla ya kufa kwake, akamletea Sista kabichi kubwa. Sista aliibeba kwenda nayo nyumbani Karurumo, na inasemekana hakuruhusu mtu aikate hadi ilipoanza kunyauka.

Kama habari zingeishia hapo, ningekuwa na picha ya kutundika ukutani. Lakini nikamrekodi muuguzi wa Siakago.

Huyu ni mwanamume wa makamo, mpole, ndiye msimamizi wa wodi ileile sasa. Nilikuwa nimemfahamu kwa miaka na sikujua chochote. Tuliketi katika ofisi iliyokuwa ya Sista. Nilimuuliza swali la mzaha, kilichomleta katika kazi hii ni nini, nikitarajia aseme ni wito wa Mungu au kukosa nafasi ya ualimu.

"Sista alimuua baba yangu," akasema.

Niliangalia mlango kama umefungwa.

"Hakumpa sumu. Alimwambia tu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, matokeo yametoka, nimetoka Siakago asubuhi kumletea mzee habari nimepita. Mtu wa kwanza kwa boma yetu kupita. Nafika, napata mzee ameangalia ukuta. Namwambia, baba, nimepita. Haangalii. Namwambia tena. Mzee wangu hakuongea na mtu tena, mwalimu. Hakukula. Daktari alikuwa amesema yuko na miezi, na hakumaliza hiyo wiki."

"Na wewe ukaja kufanya kazi chini yake?"

"Nilisomea hii kazi ndio nimfikie. Si kwa kumpenda. Nilitaka kumuuliza walisemezana nini na mzee siku hiyo. Kila asubuhi nasema, leo. Nikishika tu mlango, ananiuliza kama nimekula. Sasa utamuuliza mtu swali kama hiyo na amekuwekea chai?" Akacheka, machozi yakimtoka, wala hakuyapangusa. "Wewe utaenda kwake. Mwulize. Nataka tu kujua."

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Mume wangu aliniuliza kama nimefiwa. Nilikuwa nimefundisha madarasa na madarasa ya wauguzi njia ya Sista. Nilikuwa nimewaonyesha jinsi ya kuvuta pazia, jinsi ya kushusha sauti, lugha ya nyumbani kwanza. Sikuwa nimewahi kumfikiria yule aliyegeukia ukuta.

Nikapanga Jumamosi ya kwenda Karurumo. Siku mbili tatu kabla yake, Njeru, mwana wa kwanza wa Sista, akanipigia simu.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Nasikia unakuja kumrekodi mami."

"Nakuja. Hajambo?"

"Ndio hiyo nataka kukuambia. Alikuwa anashindwa kumeza. Tukampeleka, wakaweka ile kamera ya koo. Majibu ilitoka. Si mazuri. Imeenda mpaka kwa ini. Daktari anasema hakuna kupasua, wataweka tu mrija wa kufungua njia ya chakula."

Nilikaa chini. "Yeye anasemaje?"

Njeru akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayejua anachokisema, "Yeye tulimwambia ni vidonda vya tumbo."

Nilicheka. Naomba Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, kwa mshtuko mtupu. Kisha nikakasirika.

"Njeru, unamjua mama yako?"

"Namjua, mwalimu. Ndio sababu nakuomba. Dada yangu Wawira amelia wiki nzima. Akijua, atakufa kesho. Tafadhali. Usimwambie."

Sikumwahidi. Nilimwambia tutaonana Jumamosi, nikakata simu, na nikajua kabisa nitakachofanya. Wengine wote walikuwa wameambiwa na huyu mwanamke. Kama kuna mtu mmoja chini ya mlima huu aliyestahili kuambiwa, ni yeye. Kama si mimi niliyemfundisha kila mtu njia yake, ni nani? Usiku huo nilijaribu maneno mbele ya kioo, kwa Kiembu changu kibovu.

Karurumo ilikuwa na jua la asubuhi baada ya mvua. Njeru na dada yake Wawira walikuwa langoni kama watu wanaongoja gari la maiti. Wawira alinishika mkono kwa nguvu. Nikawapita nikaingia uani, na pale nikapata mshtuko ambao hakuna aliyeniandaa kuupokea. Sista alikuwa amepungua hadi sweta lilionekana limevaliwa na kiti. Shingo ilikuwa ya ndege. Lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Kendi! Umenenepa. Nani anafanya kazi huko kama wewe unakula hivyo?"

Niliweka simu juu ya stuli, nikaibonyeza, tukaanza. Niliuliza kwa nini alianza kuwaambia wagonjwa. Alinieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa mwanafunzi alimuuguza mwanamume ambaye familia ilimficha. Yule mwanamume alizidi kukonda, chakula hakipiti, na kwa kuwa hakuambiwa sababu, akajitafutia yake: mkewe anamwekea kitu ndani ya chakula.

"Mama wa watu anakuja kila siku na kikapu, uji wa wimbi, ndizi za kuponda, amepanda gari kutoka mbali. Yule bwana anamtemea. Anamwita mchawi mbele ya wodi. Na sisi wote tunajua ni saratani, tumenyamaza kwa sababu kaka yake alisema tunyamaze. Akakufa akimchukia bibi yake bure. Mazishini yule mama hakuruhusiwa kusimama karibu na kaburi." Akavuta pumzi; kumeza mate kulikuwa kunamuuma, nikaona. "Nikasema mimi, hapana. Si mimi tena."

Ndipo nikamuuliza juu ya mzee wa Siakago. Nilimwambia ni nani aliyenituma. Nilidhani atajitetea. Alitazama migomba yake.

"Nilijua ni kijana wake siku ya kwanza aliingia kuripoti. Anafanana na yeye. Nilikuwa nangoja aniulize."

"Baba yake alisema nini, Sista?"

"Aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama kijana anajua, nikasema bado. Akasema, 'Anakuja leo. Na habari nzuri, imenifikia tayari. Si ungeniachia tu hii siku moja?'"

Nilifunika mdomo kwa mkono.

"Hiyo mpelekee," akasema, akionyesha simu kwa kidevu. "Ni yake. Mwambie mzee alikuwa amejua kijana wake amepita. Na mwambie mimi niliendelea kuketi kwa vitanda vya watu. Niliwaambia wengi, na wengine iliwasaidia, sikatai. Lakini sikuwahi kumuuliza hata mmoja kama anataka kuambiwa. Hata baada ya huyo. Niliogopa kuuliza, kwa sababu kuna mwenye angesema hapana, na mimi nilikuwa nimeshaamua."

Nilizima simu. Yale maneno niliyojaribu mbele ya kioo yalikuwa bado kinywani, yote, kwa mpangilio. Nikasogeza stuli.

"Sista, kuna jambo..."

"Usianze."

"Sista, wewe ndiye ulitufundisha..."

"Kendi. Najua Njeru alikupigia simu. Anadhani ukuta wa jikoni hausikii. Alikuambia usiniambie, siyo? Na mimi nakuambia usiniambie."

Nilimwangalia kana kwamba ni mtu mwingine amevaa sweta lake. "Kwa hivyo unajua tayari."

"Sijui. Nashuku. Nimekuwa muuguzi, si mjinga. Lakini kushuku na kujua si kitu kimoja. Hiyo nimekuja kujifunza sasa, nikiwa mzee. Nikishuku, asubuhi naamka, naweza kufanya kazi yangu. Ukiniambia, itakuwa imeingia kwa nyumba, itakaa hapo kwa kiti inaniangalia nikikunywa uji." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu. "Mimi nilikuwa nasema tu, halafu natoka naenda chakula cha mchana. Nasema hapana, Kendi. Si umeniuliza? Basi nimejibu."

Sikuwa nimeuliza. Kusema kweli nilikuwa nimekuja nimeshaamua, kama yeye. Nililia pale, mtu mzima mwenye wajukuu, na yeye akangoja nimalize, akinipigapiga mgongoni, hadi akachoka kungoja.

"Haya, inatosha. Simama. Kuna mgomba nataka kupanda, na hawa watoto wangu wananikataza kushika jembe. Wanasema vidonda vitafunguka." Aliinuka kwa shida. Kando ya nyumba kulikuwa na chipukizi la mgomba limeng'olewa, limelazwa kivulini, mizizi imefungwa gunia. Njeru na Wawira walikuwa wamesimama kwenye pembe ya nyumba wananitazama machoni, wakitafuta jibu. Nikatikisa kichwa: hapana, sijamwambia. Njeru akaunganisha viganja viwili kunishukuru, na ile shukrani ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kila mtu wa Embu anajua mgomba huchukua zaidi ya mwaka kuzaa mkungu. Njeru anajua, Wawira anajua, mimi wa Meru najua. Sista alisimama ameegemea ukuta, akanionyesha mahali.

Nilivua viatu nikachukua jembe. Udongo ulikuwa mwekundu na laini kwa mvua. Nilichimba hadi magotini, nikasimama kupumua, nikaliangalia lile shimo kando ya nyumba, jembe mkononi mwangu, na nikaona kaburi. Nilitaka kulitupa jembe nikimbie hadi barabarani.

"Mbona unasimama?" Sista akasema. "Ongeza kina. Upana pia. Usinifanyie kazi ya haraka haraka hapa, mkungu wa huu mgomba nitaula mwenyewe."

Alinitazama usoni moja kwa moja, akingoja.

"Ndiyo, Sista," nikasema. "Utaula." Nikaendelea kuchimba.